Shemeji kanitafutia tairi nne mtumba za Japan, mi nina hela ya mpya mbili, nifanyeje?

Anko shikamoo,

Nakusoma siku nyingi ila kukuandikia ndo mara ya kwanza, nivumilie kama itakuwa ndefu maana hii ishu ina tairi ndani na ina ukwe ndani.

Nina Toyota Premio ya 2008, naishi Goba, kila siku naenda nayo mjini kazini na kurudi. Kipande cha kutoka lami mpaka kwangu ni mawe na mashimo, mvua ikinyesha ndo usiseme. Juzi naosha gari nikakata usukani mpaka mwisho ili nitoe tope la ndani, nikakuta tairi za mbele zote mbili upande wa ndani zimekuwa kipara kabisa, ya kushoto waya zimeanza kuchungulia, wakati ukisimama nje ukiangalia kashata (ile raba yenye mifereji inayokanyaga barabara) zipo vizuri tu, yaani muda wote huo najua nina tairi. Za nyuma ziko sawa, zimelika kawaida, namba ya mwisho ubavuni inasoma 1421, sijui maana yake nini.

Desemba tunapanda Moshi, mimi, mama watoto, watoto wawili, na safari hii mama mkwe naye anarudi na sisi. Kwaiyo tairi ni lazima. Hela niliyonayo laki nne, haiongezeki kwa sababu Januari ni ada.

Saizi yangu ni 195/65R15. Nimeulizia, mpya za China nimetajiwa 120,000 mpaka 140,000, za India na Indonesia kwenye 160,000, za Japan mpya 240,000 hapo nikaaga. Duka moja Kariakoo wakasema 195 zimeisha, chukua 185/65R15 inaingia rimu ileile, 105,000. Instagram kuna jamaa anauza nne kwa 380,000 ila anataka nitume nusu kwanza.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni winga Kariakoo. Kaniletea dili la tairi nne mtumba za Japan, elfu 60 kila moja, na kufungwa bure kwa mshkaji wake. Picha katuma WhatsApp na sikufichi Anko, zinavutia, kashata nene utadhani hazijatembea, ni Bridgestone, zimeandikwa BLIZZAK 195/65R15 91Q na mwishoni 3816. Anasema hizo ndo orijino, nikichukua za Mchina zitapasuka Segera hata Korogwe sijaiona. Nikajivutavuta kumjibu, jana kamwambia dada yake eti "mumeo ananiona mi tapeli". Ukoo mzima sasa unajua natembelea kipara.

Fundi wangu anasema nikinunua mbili mpya nifunge mbele kwa sababu injini iko mbele. Mama watoto yeye anasema anachojua ni kwamba mama yake atakuwemo kwenye hilo gari.

Nifanyeje?

Baba Wawili, Goba

*

Marahaba Baba Wawili, na pole na ukwe.

Nikupe jibu kabisa usije ukaishia njiani: hizo za shemeji usichukue hata akikuachia kwa elfu 30. Nunua mbili mpya za Mchina anayejulikana, hela inayobaki ipeleke kwenye miguu ya gari (vile vyuma na raba za chini vinavyoshikilia tairi), na hizo za nyuma kama ubavu wake ni mzima zitakupeleka Moshi na kukurudisha. Sasa tuelezane kwa nini.

Kwenye ile picha wewe na shemeji mmesoma Bridgestone, mi nimesoma Blizzak. Blizzak ni tairi za theluji aisee. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kina Hokkaido huko wanaoendesha juu ya barafu, na sio Bridgestone peke yao, Yokohama wana zao zinaitwa iceGUARD, Dunlop wana Winter Maxx, na zote zinaweza kukufikia kwenye mtumba wa Japan. Mara nyingi ubavuni utaona neno STUDLESS. Hebu kuza hiyo picha uangalie kashata yenyewe, utaona kila kibonge cha raba kimechanwa vijistari vyembamba vingi vya kupindapinda, vile ni vya kung'ata barafu, na raba imechanganywa laini makusudi ili baridi isiigandishe. Sasa hiyo kitu uilete kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana. Inalika haraka, vile vibonge vinachezacheza ukikata kona, na lami ikiwa na maji breki inachelewa kushika kuliko tairi ya kawaida, na wewe unasafiri Desemba, vuli inaweza ikawa bado iko barabarani.

Halafu ile Q kwenye 91Q ni kikomo cha spidi, 160. Tairi za kawaida za saizi yako nyingi ni H ambayo ni 210, au V ambayo ni 240. Najua hutafika 160 na mama mkwe ndani, hutafika hata 120, ila hiyo Q kwenye tairi ya gari ndogo iliyotoka Japan ni alama nzuri ya kuigundua tairi ya theluji hata kama maandishi mengine yamesuguliwa.

Utauliza, kama kashata ni nene hivo Mjapani kaitupa ya nini? Hapo ndo watu wengi wanapopigwa. Mjapani anaifunga miezi ya baridi tu, na baada ya misimu michache raba inakuwa ngumu, haishiki tena barafu, anaitoa hata kama kashata imebaki nusu na zaidi. Yaani kile kinachokuvutia wewe kwenye picha hakikuwa na thamani tena kwa aliyeitupa, yeye alikuwa anaangalia umri.

Na umri umeandikwa palepale. Hiyo namba ya tarakimu nne inayomalizia maandishi ya DOT (ule msitari wa kiwandani ubavuni unaoanza na herufi DOT), mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3816 ni wiki ya 38 ya 2016, Septemba hiyo. Za kwako za nyuma 1421 ni Aprili 2021. Watengenezaji wengi wanasema tairi ikipita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka, na ikifika kumi itoke hata kama inang'aa. Shemeji anakuuzia tairi iliyozaliwa karibu miaka mitano kabla ya hizo unazoziona za zamani wewe.

Usidhani tarehe ni shida ya mtumba tu. Hata dukani tairi mpya yenye karatasi na nywele zake inaweza ikawa imelala stoo miaka, ndo mana kuna duka bei inashuka ghafla na hakuna anayekwambia kwa nini. Namba kamili inaandikwa upande mmoja tu wa tairi, ukiona maandishi ya DOT yameishia hewani bila tarakimu nne geuza upande wa pili. Soma kabla fundi hajaifunga, maana ikishaingia na namba ikaangalia ndani ndo basi mpaka upate jeki. Mi isipozidi miaka miwili nanunua, ikizidi hapo ama wapunguze bei ya maana ama tuagane.

Sasa kwa wanaosoma hapa ambao mtumba ndo uwezo wao, siwacheki, wengi tumepita huko. Mtumba wa tairi ya kawaida isiyo ya theluji, yenye umri mdogo, unaweza kukusaidia, ila nenda na kitambaa na chupa ya maji. Tairi za barabarani wanazipaka dawa nyeusi mpaka unajiona ndani, futa ubavu kwanza ndo uangalie. Alafu simamisha tairi chini, ikandamize kwa uzito wako ubavu ukunjike, nyufa zilizolala zitafunguka zenyewe. Ingiza mkono ndani upapase mzunguko mzima, ukigusa kiraka karibu na ubavu iache. Angalia ule mdomo unaokaa kwenye rimu, ukichanika wakati wa kufungua tairi utapoteza upepo kila wiki na hutajua unatokea wapi. Na kuna wale wanaochonga, wanachukua kipara wanakata mifereji upya kwa kisu cha moto, utaijua kwa sababu ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya kupimia, kashata ikilika mpaka ikawa sawa navyo imebaki milimita 1.6, aliyechonga anakuwa amevikata au mfereji una kina kisicholingana. Tairi ya gari ndogo haichongwi, zinazoruhusiwa ni za malori zilizoandikwa REGROOVABLE.

Hiyo 185 waliyokupa kwa 105,000 achana nayo. Inaingia rimu ileile ni kweli, hajakudanganya, ila ni fupi, kipenyo chake kinapungua kama milimita 13, gari inashuka kidogo (na huko Goba unahitaji kila milimita) na spidomita inakudanganya kidogo. Kubwa zaidi ni mzigo. 195 yako namba yake ya mzigo ni 91 (ile ya kwenye 91Q), inabeba kilo 615, 185/65R15 mara nyingi ni 88, kilo 560. Tairi nne hapo umepoteza kilo 220, na wewe unaenda na watu wazima watatu, watoto wawili, na buti ambalo kurudi najua litakuwa na ndizi. Alafu 195/65R15 kuisha mjini mzima? Hiyo saizi ya Premio, Allion, Wish, Noah, hata Golf. Toka hapo ingia duka la pili.

Kuhusu Mchina kupasuka Segera. Kuna Mchina na Mchina. Linglong, Sailun, Triangle, Westlake ni viwanda vikubwa, vinauza mpaka Ulaya. Mi ninayemkwepa ni yule ambaye jina lake muuzaji mwenyewe analisoma kwa kukisia na mwezi ujao hayupo tena sokoni. Ukipata CEAT au Apollo za India, au GT Radial ya Indonesia, kwa hiyo 160,000 na bajeti ikaruhusu, sawa, lakini usijinyime matengenezo kwa ajili ya jina. Nyingi zina maandishi madogo ubavuni, TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Hiyo ya temperature ndo ninayoangalia mimi kama naenda mbali kwenye joto, A ndo ya juu, C ya chini. Treadwear usiitumie kulinganisha kampuni na kampuni, kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe. Tairi inapasuka Segera mara nyingi kwa sababu upepo ulikuwa mdogo na mzigo mkubwa, ubavu unakunjika kunjika unapata moto mpaka unaachia, na hiyo itakutokea hata na ya 240,000.

Haya, sasa nisikilize hapa kwenye miguu, maana barua yako nzima hukuuliza na ndo penye hela yako. Tairi mbili zimelika ndani tu, nje nzima. Tairi hailiki hivo kwa uzee, gari yako inazivuta zimekaa upande, ukifunga mpya leo bila kurekebisha, hiyo 260,000 itaanza kulika ndani kuanzia siku unatoka dukani. Kabla ya kununua chochote peleka gari ikanyanyuliwe mbele. Fundi ashike tairi mkono kushoto mkono kulia aitikise, ikicheza hivo shuku tairodi, chuma kinachosukuma tairi ukikata usukani. Ashike juu na chini aitikise, ikicheza hapo ni bolijointi au beringi. Alafu apenye chini na kipande cha chuma asukume bushi za arm (raba za ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi), zilizokufa utaziona zimepasuka raba na chuma kinahama. Kwa barabara ya mawe uliyoieleza mi nategemea bushi au tairodi, moja haikosi. Badilisha kilichokufa kwanza, ndo uende alainimenti ya kompyuta (kupanga tairi zikae sawa), ukitanguliza alainimenti kwenye bushi iliyokufa mashine itasoma vizuri na ukifika Mbezi imeshahama. Na uwaombe karatasi ya kabla na baada, wanayo, hawatoi mpaka uulize.

Piga hesabu: mbili kwa 130,000 ni 260,000. Umebaki na 140,000 ya tairodi au bushi, alainimenti na balansi. Inabana ila inaingia. Kwenye nne za shemeji ungetoa 240,000, ukabaki na 160,000 ukaona umepata, alafu ukaenda kuzilisha kwenye miguu ileile mibovu.

Mbili mpya zifungwe wapi. Fundi wako anasema mbele na ukiuliza gereji kumi tisa watakwambia mbele, na mantiki yao naielewa, mbele ndo kunavuta, kunakata kona, na breki nyingi iko mbele. Ila watengenezaji wa tairi wenyewe, Michelin na Bridgestone wakiwemo, wanasema zenye kashata nzuri zikae nyuma. Kwenye maji, mbele ikiteleza gari inaenda moja kwa moja, unaachia mafuta, usukani unarudi, unaogopa tu. Nyuma ikiteleza gari inageuka, na hapo dereva wa kawaida kama mimi na wewe hatuna tunachoweza kufanya. Kwaiyo toa vipara tupa, 1421 zije mbele, mpya nyuma. Hizo 1421 za mbele zitalika haraka zaidi, ndo sawa, ada ikishapita katikati ya mwaka unanunua mbili nyingine na hutajikuta tena unadaiwa nne kwa mpigo. Sharti ni hilo tu nililosema mwanzo, fundi akizitoa zioshwe na zikaguliwe ubavu pande zote mbili, zikiwa na nyufa au nundu hata moja hiyo hesabu inabadilika na bora uahirishe kitu kingine.

Wa Instagram usimtumie nusu. Mwenye tairi ana duka, mwenye duka anatoa risiti ya EFD, na wewe unatakiwa usome ile namba kwa macho yako kabla hela haijatoka.

Sasa shemeji. Mi siamini kama ni tapeli, winga wengi wa tairi hawajui Blizzak ni nini, anaona kashata na jina kubwa anajua amekuletea kitu kizuri, na pengine alikupunguzia kweli. Usimkatalie kwenye WhatsApp, na usimpitishie jibu kwa dada yake. Mpigie. Mwambie shem nimeziangalia hizi ni za theluji na ni za 2016, mama anapanda gari hii, siwezi. Hilo neno mama litafanya kazi kuliko DOT. Alafu palepale mpe kazi nyingine: akutafutie mbili mpya 195/65R15, 91H kwenda juu, tarehe ya mwaka huu au uliopita, akupe picha ya namba kabla hujatoka nyumbani, na cha juu chake mtajiane wazi, elfu 10 kwa kila tairi au mnavyoelewana. Kariakoo mtu wa ndani anajua stoo gani imepokea mzigo mpya, kwenye mpya atakusaidia kuliko alivyokusaidia kwenye mtumba, na kwa dada yake atakuwa yeye ndo aliyepata tairi za safari. Akikasirika bado, basi alikuwa na zake, wewe funga tairi.

Usifunge siku ya kuamkia safari. Tairi mpya inakuwa na utelezi wa kiwandani juu yake, kilomita 300 za mwanzo ziende mjini taratibu, na nati zirudiwe kukazwa ukishatembea kidogo. Upepo usimwachie kijana wa pampu akujazie PSI 40 kwa mazoea, na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi ni mwisho wa uwezo wake, sio kipimo chako. Fungua mlango wa dereva, kuna stika kwenye nguzo, gari yako ya Japan itakuwa imeandikwa kPa, ukiona 220 ni PSI 32, ukiona 230 ni 33, kwa ule mzigo wa Moshi ongeza mbili tatu nyuma. Pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi.

Na ukifungua buti angalia spea. Gari nyingi za Japan spea yake ni ile nyembamba kama ya pikipiki, imeandikwa TEMPORARY USE ONLY, inataka PSI 60 na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwa gari ya 2008 inaweza ikawa ni ileile iliyoshuka nayo melini haijawahi kuguswa. Soma tarehe yake ukiwa Goba, usiisomee Hedaru usiku. Moja kati ya hizo mbili za mbele unazotoa nisingeibeba kama akiba, waya zikishachungulia ni chuma chakavu, mwachie fundi akate ndala.

Ukishapata picha ya ubavu kutoka kwa shem nitumie kabla hujalipa.